Kodi ya Kiwanda cha Mama

Kambini, 6 Machi

Dada,

Nimekupigia simu ukakata. Nikapiga tena, akapokea shemeji, akasema unaoga. Mtu gani anaoga saa tano asubuhi siku ya kazi? Basi nakuandikia, maana barua haikatwi. Dereva wa lori la saruji anakuja huko kesho. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu mlangoni.

Jumamosi nilishuka mjini kuchukua mshahara. Nilipofika dirishani, binti wa benki akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akamwita mwenzake. Nikajua hapa kuna jambo. Akaniambia, "Akaunti yako imefungwa kwa amri ya ofisi ya kodi." Nikacheka. Mimi nakatwa kodi kabla hata sijauona mshahara wenyewe, nani tena ananidai? Akasema, "Hudaiwi wewe binafsi. Wewe ni mbia wa kiwanda cha sare za shule, na kiwanda kina malimbikizo." Watu waliokuwa nyuma yangu wote wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Mama alipoacha kazi alituandika sote wawili, kweli. Lakini ufunguo uko kwako. Oda unapokea wewe, pesa unashika wewe. Mimi niko huku kwenye ujenzi wa bwawa navuta nyaya juu ya nguzo, na kila nikikuuliza habari za kodi unanijibu, "Inalipwa, tulia." Haya, nimetulia mpaka nimefungiwa akaunti. Ilikuwa inalipwa wapi? Kwa nani?

Sijasema mtu ameiba. Nauliza tu, pikipiki mpya ya shemeji ilinunuliwa kwa pesa ya wapi?

Nijibu kwa maandishi.

Mdogo wako,
Fundi Umeme


Kiwandani, 11 Machi

Wewe mtoto,

Nilikuwa naoga kweli. Tulikuwa tumepokea marobota ya kitambaa tangu alfajiri, nikawa mweupe kwa vumbi kama nimetoka kwenye kinu. Ningejua kuoga kutaletwa mahakamani, ningebaki na uchafu wangu.

Pikipiki ni ya mkopo, ya kupelekea sare mashuleni, na jina lililo kwenye mkopo ni langu. Umemaliza na shemeji yako?

Sasa nisikilize. Shule zinachukua sare Januari, zinalipa zikijisikia. Ofisi ya kodi yenyewe haingoji shule zilipe. Ukishaandika ankara, kodi yake imeshahesabiwa. Kitambaa kimepanda, umeme umepanda, na wazazi siku hizi wanaleta mashati ya zamani tuyageuze kola, upande uliochakaa uingie ndani. Siwacheki. Lakini kola ya kugeuza hailishi kiwanda.

Kodi nilikuwa nampa Bwana Mihuri. Humjui, alikuja baada yako kuondoka. Ni mshauri wa kodi wa mtaa mzima wa wauza nguo, na wamempa jina hilo kwa sababu mkoba wake umejaa mihuri. Kila mwezi nampa pesa, ananiletea risiti. Mwaka jana, shule tatu zilipogoma kulipa, kuna miezi hata yeye sikumpa kitu. Nililipa mafundi. Fundi wa kola ana watoto wanne na mume aliyelala kitandani. Ningemwambia nini? Kwamba serikali kwanza?

Ilipokuja barua ya deni, nikaona wanadai hata miezi niliyolipa. Mihuri akasema ni kosa la kompyuta, atalisafisha, ila kusafisha kuna gharama yake. Halafu mama mmoja wa ofisi ya kodi akanipigia simu. Kasema polepole, kama mtu anayesemea kwenye kanga: "Njoo mwenyewe. Usije na yule bwana." Nikamweleza Mihuri, akacheka. "Hiyo ndiyo lugha yao. Anataka chai yake bila shahidi."

Na mimi nina swali langu. Wiki mbili zilizopita alikuja mtu na utepe wa kupimia. Si wa nguo, wa majengo. Kapima kiwanda kuanzia ukuta wa barabarani mpaka choo cha nyuma. Nilipomuuliza katumwa na nani, akasema, "Na mwenye nyumba." Wenye nyumba tuko wawili. Mimi sikumtuma.

Dada yako


Kambini, 17 Machi

Dada,

Mtaa wote huo unapimwa siku hizi, barabara inapanuliwa. Usikuze mambo.

Turudi kwa Mihuri. Nani alimleta nyumbani mara ya kwanza? Ni shemeji, au nakosea? Na kwenye hizo "gharama za kusafisha", fungu la shemeji ni kiasi gani? Huku kambini tulikuwa na mtunza ghala aliyekuwa akituuzia nyaya zetu wenyewe. Tulimwamini kwa sababu alikuwa anatusalimia kwa majina. Tangu hapo mtu akinichekea naishika mifuko yangu.

Usimpe mtu pesa. Wala usiende kwa huyo mama wa ofisi ya kodi ukiwa peke yako. Ukienda na pesa atasema hukuja nayo, ukienda bila pesa atasema ulimtukana. Nimemwandikia mwenyewe leo. Nimemwambia mimi ni mbia na nataka kuelezwa kila kitu, bila kupitia kwako.

Fundi Umeme


Ofisi ya Kodi, Dirisha la Nne, 25 Machi

Kwa Mbia wa Kiwanda cha Sare,

Barua yako nimeipata. Hesabu za mlipakodi hatuzitumi kwa barua, hata kwa mbia, mpaka afike na kitambulisho. Ninachoweza kukuandikia ni haya.

Deni lipo. Upo pia msamaha wa faini na riba kwa wafanyabiashara wanaojitokeza wenyewe kwa sababu ya hali hii ngumu. Anayekubaliwa hulipa kodi yenyewe kwa awamu, na akaunti zake hufunguliwa. Msamaha unafungwa tarehe 30 Aprili, ofisi inapofungwa. Wabia wote wawili waje, watie saini mbele yangu.

Msimlipe mtu yeyote kitu chochote kwa ajili ya jambo hili, ndani ya ofisi hii wala nje yake. Dada yako nimempigia zaidi ya mara moja. Nadhani ananiogopa. Mwambie hana sababu.

Afisa wa Madeni


Kiwandani, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Madalali wamekuja. Walishuka kwenye gari wakiwa na gundi na karatasi nyekundu, wakaanza kuzibandika mashine, mojamoja, kama wanaweka alama kwenye ng'ombe. Mafundi wakasimama ukutani. Hakuna aliyelia. Afadhali wangelia.

Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake akishona vifungo. Akanyanyuka, akaenda kuikalia ile mashine ya kufungia pindo, akaweka mikono mapajani. Dalali akamwambia kwa adabu, "Bibi, tunaomba upishe." Mama akamuuliza, "Shati lako hilo limeshonwa wapi?" Akasema hajui. "Limeshonwa hapa. Kifungo cha tatu kimelegea. Vua nikukazie." Yule kijana akavua kweli! Akasimama na fulana yake katikati ya kiwanda mpaka Mama alipomaliza. Kisha akaibandika karatasi ile mashine, na Mama yuko juu yake. Kazi ni kazi.

Jioni yake Mihuri akaja. Anasema anaweza kuzitoa zile karatasi, lakini anataka pesa Ijumaa, taslimu. Nina mishahara ya mafundi ndani ya kopo. Nimeamua nimpe. Nikikosea, nimekosea, kuliko kukaa na mashine zilizofungwa mdomo.

Na sasa tuje kwako. Yule mpima majengo alirudi kuchukua utepe wake aliousahau. Nikampa maji ya kunywa, nikamwacha azungumze. Kasema aliyemtuma ni "kijana mmoja fundi umeme, yuko bwawani, anataka kujua nusu ya jengo ni bei gani." Barabara inapanuliwa, eh?

Unaniuliza pesa nimepeleka wapi, kumbe wewe umeshaigawa nyumba vipande. Umefungiwa akaunti Machi. Mpima alikuja Februari mwishoni. Kwa hiyo si deni lililokutuma.

Sema basi.

Dada yako


Kambini, 13 Aprili

Dada,

Ni kweli, nilimtuma. Kuna mtu nataka kumwoa, na wazazi wake wameniuliza nina nini. Nikataka kujibu kwa kitu, si kwa maneno. Sikuwa nimeamua kuuza. Lakini sitakudanganya tena, sikuwa nimeamua kutouza pia.

Nakuwekea hapa nakala ya barua ya huyo Afisa. Isome kama ninavyoisoma mimi. "Wabia wote wawili waje." Kwa nini wote wawili? Mtego wa panya hauwekwi kwa panya mmoja. Tukifika wanatukamata sote, nani atabaki nje kumtafutia mwingine wakili? Tena anaandika vizuri mno. Mtu anayekudai haandiki vizuri hivyo.

Ila na Mihuri usimpe. Sina ushahidi. Nasema tu usimpe. Mtu anayeweza kutoa karatasi ya dalali kwa pesa, ndiye anayeweza kuileta kwa pesa.

Natumaini barua hii inafika kabla ya Ijumaa. Dereva kaniapia.

Fundi Umeme


Kiwandani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva wako aliharibikiwa na gari njiani. Barua yako ilifika Jumamosi.

Lakini Ijumaa sikumpa Mihuri pesa, na aliyenizuia si wewe. Nilikuwa nimeshazifunga kwenye kitambaa, natoka, Mama akaniita. "Yule mwanamke wa ofisi, alikuita uende wapi?" Nikamwambia dirishani. "Saa ngapi?" Saa za kazi. "Kuna foleni hapo?" Ndefu, nikasema. Akaukata uzi kwa meno. "Mwanangu, mla rushwa hakuiti mchana mbele ya foleni. Na huyu wenu mwenye mkoba, nyie mnakutana naye wapi?" Tumekuwa tukikutana nyuma ya duka la matairi.

Akachukua mtandio wake tukaenda wote wawili.

Afisa huyo ni mwanamke mfupi, ana kikohozi, na sauti yake ya polepole ni ya kikohozi, si ya siri. Nikamwekea risiti zote mezani. Hakuzikagua sana. Aliigusa moja, akaisukuma kando, akasema, "Mama, wewe ni wa kumi na ngapi sijui. Mtaa wenu mzima." Tangu Mihuri aanze kazi kwetu, hakuna hata senti iliyofika serikalini. Mihuri yake anachonga mwenyewe. Ndiyo maana Afisa alikuwa ananiambia nisije na yule bwana. Kwenye simu hakuweza kulitaja jina la Mihuri kwa sababu polisi walikuwa bado wanamfuatilia.

Nilikaa sakafuni. Mama akabaki amesimama, akamwambia Afisa, "Endelea, huyu anasikia hata akiwa chini."

Shemeji yako alipopata habari alitoka bila kula, akaenda mpaka kwa Mihuri. Kakuta chumba kitupu na mwenye nyumba anafagia. Hakupata fungu lolote, maskini. Alimleta yule mtu kwa sababu alimwona msikitini na kanisani, kote, akadhani mtu wa kote ni mtu mwema.

Msamaha ni wa kweli. Nimeuona umebandikwa ukutani, tumekuwa tukiogopa tangazo la ukutani. Lakini saini yangu peke yangu haitoshi. Njoo kabla ya tarehe 30. Nimeapa kwa Mama, si mtego.

Dada yako


Benchi la Ofisi ya Kodi, 30 Aprili

Nakuandikia nyuma ya fomu iliyoharibika, kwa kalamu ya mlinzi.

Nimekaa hapa tangu walipofungua. Simu yako haipatikani. Barua yangu hukuijibu. Dereva anasema alikupa mkononi, ukaisoma, ukaitia mfukoni, hukusema kitu. Mtu anayekuja husema nakuja.

Nimefikiri sana hapa. Ukikaa benchi refu unafikiri vibaya. Kiwanda kikipigwa mnada, jengo linauzwa, deni linakatwa, kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu. Nusu yako unaipata bila hata kuniomba ruhusa. Ukikaa huko huko kambini na kunyamaza tu, umeuza. Nimelifikiri hilo, nikajisemea, si mdogo wangu. Halafu nikajiuliza, mdogo wangu yupi? Wa zamani, au wa yule mpima?

Foleni imeisha. Mfagiaji ananiambia ninyanyue miguu. Afisa amekohoa, ameitazama saa ya ukutani, amenitazama. Amewaambia wenzake watangulie. Mama amelala ameegemea ukuta, na sindano bado iko kwenye kola yake.

Mlinzi ameanza kuvuta geti. Kuna mtu anagombana naye huko nje. Anasema ametembea kutoka daraja lililovunjika, anasema mwacheni aingie, dada yake yuko ndani. Sauti hiyo


Mjini, 12 Juni

Dada,

Natumaini mnaendelea vizuri, na Mama mguu uliovimba kwa kukaa lile benchi umepoa.

Nimelipa fungu langu la awamu ya pili, nimelilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya ofisi ya kodi, nadhani umeona. Usichukie kwamba sipitishi kwako. Nawe usipitishe kwangu. Hivyo ndivyo tutakavyolala usingizi.

Bado nacheka nikikumbuka ile siku. Najua uliona haya niliposoma mkataba mzima kwa sauti, na niliporudia ukurasa wa msamaha wa riba, na nilipomwomba Afisa kitambulisho chake. Ulinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini yeye hakukasirika. "Laiti mtaa wenu mzima ungenisoma hivi," alisema. Na nilipotia saini ulinitazama kama unaangalia kama jina ni langu kweli. Nilikuona.

Ile habari ya kuuza nimeifuta. Niliwaambia wazazi wa binti kwamba nina nusu ya deni. Baba yake akasema, angalau huyu kasema ukweli. Bado wanafikiria.

Kambini kazi ni nyingi, ndiyo maana siandiki. Barua natuma kwa posta siku hizi, dereva simwamini sana.

Mdogo wako,
Fundi Umeme


Kiwandani, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Mashine zote zinafanya kazi. Tumebaki na mafundi watatu, wawili niliwaombea kazi kwa mshona mapazia. Fundi wa kola yupo. Chumba cha mbele tumekipangisha kwa muuza madaftari. Mihuri hajakamatwa. Wengine wanasema kaonekana mji mwingine akiwa na mkoba mpya. Pesa yetu imekwenda, na kila mwezi tunailipa mara ya pili. Ndivyo ilivyo.

Sasa nataka kujua pesa unaitoa wapi.

Dereva wa lori la saruji alipita hapa. Nikamuuliza, "Mbona siku hizi mdogo wangu hakuamini?" Akashangaa. Akasema hajakuona kambini tangu Aprili. Msimamizi wako alikunyima ruhusa, ukaondoka hivyo hivyo, na uliporudi ukakuta kitanda chako kina mtu.

Siku mbili sikulala. Nilishuku kila kitu. Kwamba unauza nyaya za wizi, kwamba umekopa kwa watu wa visu, kwamba umeliweka jengo rehani bila mimi kujua. Hata kwamba umempata Mihuri na mmegawana. Ndiyo, nimefika huko. Usinilaumu, sote tuna damu ile ile.

Nikampa shemeji yako mafuta ya pikipiki nikamwambia, barua yake imeandikwa Mjini, kamtafute huko. Ndiye aliyekuja pale chini ya ngazi za ile nyumba ya wageni, akakukuta unatengeneza pasi za watu, na godoro lako limesimamishwa ukutani nyuma ya pazia. Alisema mlikula mkate mkavu mmoja mkagawana. Alisema ulimwapisha asiniambie. Akakuapia. Akaniambia usiku ule ule, hata kofia hajavua.

Kazi uliipoteza kwa ajili ya saini, na ukanificha. Ulidhani nitafanya nini, nitakucheka? Au uliogopa nitakulipa?

Mama ameenda chumba cha nyuma, ametoa marobota yote juu ya kile kitanda chako cha zamani, ameyarundika kwenye kitanda changu mimi.

Jana mota ya ile mashine ya kufungia pindo iliungua. Nikamwita fundi wa mtaani. Kaifungua, kaitazama, katikisa kichwa, katoa bei. Mkono wake ulikuwa unaingia ndani ya mashine kabla sijakubali. Sikumpenda hata kidogo, nimemfukuza. Mimi fundi umeme nisiyemjua simwachii mota yangu.

Shemeji yako anakuja kukuchukua Alhamisi. Funga godoro.

Dada yako